Kamba za maduka ya Moshi kwa mashua ya tanga: manila, katani au nailoni?

Ingia duka lolote la hadiwea Moshi uulize kamba, utaoneshwa kwanza manila ya bluu. Ndiyo kamba ya kila shughuli: kufunga mzigo kwenye kenta, kuanika nguo, kufunga mbuzi. Mwenye mashua ndogo ya tanga kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu naye hupewa hiyohiyo. Anakatiwa vipande vinne vinavyolingana, analipa, anaondoka. Kosa linaanzia hapo, kwa sababu kamba nne za kufunga mashua katikati ya nguzo hazifanyi kazi moja, hasa kwa baharia aliye peke yake huku upepo ukimpiga ubavuni.

Kamba zinazopimwa hapa ni zile zinazopatikana Moshi bila kuagiza Dar wala Tanga. Mashua ni ya mita 5 kwa urefu na mita 1.8 kwa upana, yenye mlingoti mmoja, ubao wa kushusha katikati na mashine ndogo ya nyuma. Maegesho ni nguzo nne zilizochimbiwa majini: mbili za mlangoni, mbili za ndani. Kati ya nguzo na nguzo kwa upana ni mita 3, kwa urefu mita 7. Mashua huingia ikitanguliza omo, yaani sehemu yake ya mbele, maana yake kila upande inabaki nafasi ya sentimita 60 tu.

Hesabu ya upepo kwanza, kwa kuwa ndiyo inayoamua ununue nini. Ubavu wa mashua ya namna hii, ukijumlisha mlingoti na tanga lililokunjwa, ni kama mita 4 za mraba. Upepo wa kilomita 18 kwa saa unausukuma kwa nguvu ya karibu kilo 6, na mtu yeyote anaishikilia kwa mkono mmoja. Kwenye kilomita 36 kwa saa inakuwa kilo 24. Kwenye 54 ni kilo 55, ambayo ni zaidi ya mfuko wa saruji unaovuta bila kupumzika. Upepo ukiongezeka mara mbili, nguvu inaongezeka mara nne. Kwa hiyo asubuhi mashua inafungwa kwa mchezo, na saa tisa alasiri, nchi ya tambarare ikishapata joto, mtu huyohuyo na kamba zilezile anashindwa.

Tukirudi kwenye manila. Jina lenyewe linapotosha. Manila ya asili ni nyuzi za mmea wa jamii ya mgomba kutoka Ufilipino, na hiyo Moshi huioni. Inayouzwa kwa jina hilo ni plastiki, mara nyingi polipropilini. Si kamba mbaya. Kipande kipya cha milimita 10 kinabeba zaidi ya tani moja kabla ya kukatika, na mashua yetu haitakaribia hapo hata siku moja. Inaelea, kwa hiyo ukiidondosha unaiona juu ya maji na kuiopoa kwa upondo. Ni kavu na ngumu kiasi, ndiyo maana kitanzi chake hubaki wazi unapokirusha kwenye nguzo, wakati cha nailoni laini hujikunja kama utambi. Kwa kurusha, manila inazishinda zote.

Ubaya wake ni jua. Plastiki hii ikikaa juani miezi kadhaa bila dawa ya kuikinga, nyuzi za nje zinavunjika na kuwa unga. Ipitishe kiganjani: ikikuachia vumbi la bluu na vichomozi kama miiba ya samaki, imekwisha, hata kama kwa macho bado inaonekana nene. Ubaya wa pili ni utelezi. Fundo linaloshika kwenye katani hulegea kwenye manila usiku kucha mashua inapochezacheza. Anayeitumia aongeze fundo moja la ziada kila mahali na aache mkia wa sentimita 20. Tatu, inayeyuka kwenye joto la nyuzi 165 hivi. Ukiiacha ikimbie kwa kasi huku imezungushiwa chuma chini ya mzigo, inajichoma na kujigandisha yenyewe. Hukumu yetu: manila kwa upande wa demani, yaani upande upepo unakoelekea, ambako kamba haina kazi kubwa wakati wa kuingia. Upande wa goshini, upepo unakotoka, isiguse.

Sasa katani, kamba ambayo wauzaji wenyewe huitoa nyuma ya duka kwa aibu kidogo. Mkonge uliletwa Tanganyika mwaka 1893, Tanga ikajulikana duniani kwa ajili yake, leo kamba yake inaonekana ni ya kufungia magunia. Kwa nguvu, kweli ni dhaifu: milimita 12 ya katani haifikii hata theluthi ya nailoni ya unene huo. Lakini ina tabia mbili ambazo manila na nailoni hazina. Haivutiki sana, na inashika. Ukiizungusha mara moja na nusu kwenye kifungio cha pembe mbili, unaweza kuiachia polepole, sentimita kwa sentimita, nayo inakutii. Kwa mtu aliye peke yake, kamba ya kwanza kushika nguzo ni breki, na breki inayovutika kama mpira ni hatari: mashua inaenda mbele, omo inagonga nguzo ya ndani, kisha inarudishwa nyuma kwa kishindo.

Breki hii ifungwe wapi ndilo swali ambalo wengi hulikosea. Ukiifunga tezi, yaani sehemu ya nyuma, upepo unachukua omo na mashua inakaa mkingamo katikati ya nguzo. Ukiifunga omo, tezi ndiyo inayozunguka. Ifungwe ubavuni upande wa goshini, katikati ya mashua au kidogo mbele ya katikati, karibu na ubao wa kushusha. Kamba itoke hapo kurudi nyuma hadi nguzo ya mlangoni ya goshini. Mashine ikiendelea kusukuma taratibu mbele, msukumo unapita katikati ya mashua huku kamba ikivuta nyuma kwenye ubavu mmoja. Nguvu hizo mbili kwa pamoja zinaigeuza omo kuelekea kwenye upepo, kinyume kabisa na upepo unavyotaka. Mashua inatulia imenyooka, na baharia anapata dakika nzima ya kwenda mbele na kamba ya pili. Kama una poliesta, itumie hapo: haivutiki, haiozi, inadumu. Lakini kwenye hadiwea za kawaida za Moshi ni nadra, na nyingine huuzwa kwa jina la nailoni. Katani inatosha.

Inatosha kwa masharti. Katani huoza ikikaa na unyevu ndani. Inavimba ikilowa na fundo lake linagoma kufunguka, kwa hiyo usiifunge fundo pale utakapohitaji kuifungua haraka. Baada ya matumizi ianikwe, isikunjwe ikiwa mbichi na kusokomezwa chini ya ubao wa kukalia. Kila mwezi ifumbue kidogo nyuzi zake uangalie ndani: zikiwa za kijivu na zinanusa kama gunia la mahindi yaliyolowa, ikate kipande hicho. Ni kamba ya kuingilia. Ukishafunga nyingine zote, itoe.

Nailoni ndiyo ghali kati ya hizi tatu, na ndiyo inayostahili kulala na mashua usiku. Inavutika, inarudi, inavumilia jua kuliko manila, na ikisuguliwa haikwishi upesi. Inazama, kwa hiyo isiachwe ikining'inia majini karibu na rafadha ya mashine. Ikilowa inapoteza kama sehemu moja ya kumi ya nguvu zake, jambo ambalo kwa mashua ndogo halina uzito. Kasoro yake halisi haielezwi dukani: kwa mashua hii nailoni ya milimita 10 ni nene mno. Inabeba karibu tani 2, na kilo 55 za upepo zinaivuta kidogo sana. Kamba ya mita mbili kutoka omo hadi nguzo itaongezeka sentimita chache tu, kwa hiyo mishtuko ya mawimbi inaishia kwenye mbao. Milimita 8 ingevutika vizuri zaidi na nguvu yake inatosha kabisa. Lakini milimita 8 inakata kiganja. Wengi wanaofahamu hununua ya 10 kwa ajili ya mikono, kisha wanaweka mpira: kipande cha tyubu ya pikipiki chenye urefu wa sentimita 50. Ncha zake mbili zinafungwa kwenye kamba, na kamba inaachwa ikilegea sentimita 20 hivi katikati. Upepo mdogo unavuta mpira, upepo mkubwa unafika kwenye kamba yenyewe. Fundi pikipiki anakuuzia tyubu iliyopasuka kwa bei ya maji.

Moshi ni mji wa mlima, na baadhi ya maduka ya vifaa vya wapanda Kilimanjaro huwa na kamba za kupandia zilizostaafu. Njia za kawaida za mlima huo hazihitaji kamba, kwa hiyo usitegemee kuzikuta kila ukienda. Zikipatikana ni nzuri sana kwa omo na tezi, kwani zimetengenezwa zivutike mtu anapoanguka. Tatizo ni kwamba ganda la nje linaficha kiini. Ikunje mkononi kila baada ya nusu mita: panapojikunja kama bomba lililobonyea, kiini kimeumia. Kama breki haifai kabisa.

Kuhusu huduma ya dukani, mambo matatu. La kwanza ni kipimo. Wauzaji wengi hupima kwa pima, mikono miwili iliyonyooshwa, na pima ya kijana mfupi si pima ya mzee mrefu. Omba futi kamba. Tena kamba ipimwe ikiwa imelala mezani, isivutwe, maana nailoni iliyovutwa inarudi fupi ukifika nyumbani. La pili ni unene. Kibandiko kikisema 10, zungusha kamba kwenye kalamu mizunguko kumi iliyobanana na upime urefu wake: iwe sentimita 10. Ikitoka 8 na nusu, umeuziwa nyembamba kwa bei ya nene. La tatu ni jina. Omba kipande cha sentimita 5 ukitie kwenye kikombe cha maji. Kikielea si nailoni, hata kama umeambiwa hivyo. Kikizama, vuta mita moja ya kamba hiyo kwa nguvu zako zote: nailoni utaiona ikiongezeka, poliesta itakukatalia. Muuzaji anayekunja uso kwa majaribio haya, mwachie kamba yake. Kabla ya kukata, azungushe selotepu pande zote mbili za mahali pa kukata, la sivyo kamba ya kusokota inafumuka kabla hujafika stendi. Ncha za manila na nailoni zichomwe kwa kiberiti. Katani ifungwe uzi, maana yenyewe haiyeyuki, inaungua.

Maduka ya zana za uvuvi huwa na manila bora kuliko hadiwea, kwa kuwa wavuvi hawadanganyiki kwa unene. Arusha chaguo ni pana zaidi, hasa kwa nailoni ya unene tofauti, ila nauli ya kwenda na kurudi kwa ajili ya mita 16 za kamba haina maana kama huna safari nyingine. Na anayepiga makasia Ziwa Duluti, ndani ya kasoko iliyozungukwa na msitu, hana haja na mengi ya haya.

Manunuzi yenyewe basi: katani ya milimita 12, mita 9. Nailoni ya milimita 10, mita 16, ikatwe 10 na 6. Manila ya milimita 10, mita 16, nayo ikatwe 10 na 6. Vipande vya mita 10 ni vya omo. Kutoka omo hadi nguzo ya ndani ni chini ya mita 2, na watu huuliza kwa nini mita 10. Jibu ni kwamba kamba ya omo lazima irudi hadi ulipokaa, ipite nje ya kila kitu, ili uifikie bila kutambaa mbele wakati mashua inasukumwa. Kisha izunguke nguzo na kurudi, uweze kuiachia ukiwa ndani. Kamba fupi inakulazimisha kuacha usukani, na usukani ukiachwa sekunde tatu, zile sentimita 60 zimekwisha.

Katani imewekwa mita 9 kwa sababu ya bwawa lenyewe. Nyumba ya Mungu hujazwa na mito ya Kikuletwa na Ruvu na kufunguliwa kuelekea Pangani, kwa hiyo maji hupanda na kushuka kwa msimu, si kwa siku kama pwani. Maji yakijaa, kichwa cha nguzo kiko usawa wa kifua na kitanzi cha sentimita 60 kinavikwa juu yake kwa mkono. Hapo mita 6 na nusu zingetosha. Kiangazi nguzo hiyohiyo inasimama juu kuliko mkono wako na upondo wako, hakuna kitanzi kitakachofika. Hapo kamba inazungushwa nguzo na ncha kurudishwa ndani, na mita 9 ndiyo inayotosha. Aliyenunua masika kwa kipimo cha masika anajua mwezi wa tisa.

Matumizi yake, kwa kuwa kamba nzuri kwenye mpangilio mbovu ni hasara. Kila kitu kiandaliwe mbali na nguzo, pale penye nafasi ya kuelea dakika tano: tanga chini na limefungwa, ubao wa katikati umeshushwa wote ili mashua isisukumwe upande ovyo, kamba nne za nailoni na manila zimefungwa upande wa mashua na mikia iko karibu na mkono. Kwenye katani funga kitambaa chekundu pale ambapo omo itabaki nusu mita kutoka usawa wa nguzo za ndani. Kikifika kwenye kifungio, zungusha na ukaze. Njoo kwa mwendo wa mtu anayetembea. Usilenge katikati ya mlango. Lenga nguzo ya goshini kana kwamba unataka kuikwaruza, kwani upepo utakutoa hapo wenyewe. Vika kitanzi, acha kamba ikimbie kwenye kifungio, kaza taratibu, mashine ibaki ikisukuma mbele kidogo. Kisha omo ya goshini, halafu tezi ya goshini. Zile manila za demani funga ukishakaa na kupumua. Kamba isizungushwe kiganjani hata mara moja, kwa sababu kilo 55 zinavunja vidole.

Ukikosa nguzo ya kwanza, usinyooshe mkono kuifuata. Kama bado una mwendo, toka nje ukaanze upya. Kama mwendo umekwisha, iache mashua ilale kwenye nguzo mbili za demani, kisha uivute kwenda goshini kwa kamba na upondo. Mashua nyepesi inakubali. Kuruka majini kuisukuma si njia. Bwawa lina mamba.

Vya kukinga ubavu havinunuliwi. Dumu la lita 5 la mafuta ya kula lililokazwa kifuniko linafaa, lakini lilale mlalo, limefungwa ncha zote mbili. Likining'inizwa wima, nguzo inalisukuma pembeni na mbao zinakutana na mti. Kamba inapopita kwenye ukingo, ivishe sentimita 40 za mpira wa kumwagilia bustani, na uuvishe kabla ya kufunga kitanzi cha upande wa pili, maana baadaye hautapita. Kipande hicho nacho hukatwa palepale hadiwea.